Kufundisha Upungufu wa Vimeng'enya vya Kurithi: Mfano wa Utengenezaji wa Hemu

Utangulizi

Mada ya maradhi ya kurithi hufundishwa mara nyingi kwa njia ya orodha: jina la ugonjwa, dalili zake, na namna unavyorithiwa. Mwanafunzi huikariri orodha hiyo, huiandika katika karatasi ya mtihani, kisha huisahau. Ubaya wa njia hii si usahaulifu peke yake. Orodha haimwonyeshi mwanafunzi jinsi kosa dogo katika jeni linavyogeuka kuwa maumivu ya tumbo au malengelenge ya ngozi. Na pale ambapo sababu haionekani, uchawi na laana hupata nafasi ya kuijaza.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha njia nyingine. Tumechagua utengenezaji wa hemu, yaani ile sehemu ya damu inayobeba chuma, kwa sababu kazi hiyo ina hatua nane zilizopangika vizuri, na karibu kila hatua ina ugonjwa wake unaotokea kimeng'enya kinapopungua. Maradhi hayo kwa jumla huitwa pofiria. Ni machache kwa idadi ya wagonjwa, nasi hatudai kwamba mwalimu atakutana nayo kila mwaka. Thamani yake darasani ni kwamba mwanafunzi akiyaelewa haya, ataweza kuuelewa upungufu wa kimeng'enya chochote kwa kuuliza maswali matatu:

(a) Ni kitu gani kinakosekana mbele ya kimeng'enya kilichopungua?
(b) Ni kitu gani kinarundikana nyuma yake?
(c) Ni nani anayeisukuma hatua ya kwanza?

Swali la kwanza wanafunzi hulifikia wenyewe. La pili na la tatu ndiyo yenye kuhitaji mwalimu.

Hemu na hatua zake nane

Hemu ni molekuli yenye umbo la pete, na katikati ya pete hiyo imekaa chembe moja ya chuma. Ndiyo inayoipa damu wekundu wake na kuiwezesha hemoglobini kushika oksijeni. Takriban asilimia 80 ya hemu ya mwili hutengenezwa katika uboho wa mifupa kwa ajili ya chembe nyekundu za damu. Sehemu kubwa ya iliyobaki hutengenezwa katika ini, ambako hutumika katika vimeng'enya vinavyovunjavunja dawa na sumu. Jambo hili la ini tulikumbuke, maana tutalirudia.

Hatua zenyewe ni hizi:

1. Ndani ya mitokondria, glisini, ambayo ni mojawapo ya amino asidi, huunganishwa na kitu kinachotokana na uchomaji wa chakula katika seli. Hupatikana asidi ya aminolevulini, ambayo tutaiita ALA. Kimeng'enya cha hatua hii huhitaji vitamini B6.
2. Nje ya mitokondria, molekuli 2 za ALA huungana kuwa molekuli moja ya pofobilinojeni, ambayo tutaiita PBG.
3. Molekuli 4 za PBG huungwa kuwa mnyororo mmoja.
4. Mnyororo huo hukunjwa na kufungwa kuwa pete.
5. Matawi ya pembeni ya pete hupunguzwa kwa kuondolewa kaboni dioksidi.
6. Pete hurudi mitokondria, na matawi yake mawili hubadilishwa tena.
7. Hidrojeni huondolewa katika pete, nayo huwa protopofirini, yenye rangi nyekundu.
8. Chuma huwekwa katikati ya pete. Hemu imekamilika.

Mwalimu awaongoze wanafunzi kuhesabu: PBG moja ni ALA 2, na pete moja ni PBG 4, kwa hiyo hemu moja huhitaji ALA 8, na kila ALA huanzia kwa glisini moja. Hesabu hii ndogo huwafanya waone kwamba hatua hizo zinafuatana kama kazi ya mikono, moja ikiitegemea nyingine.

Somo la vitendo: safu ya wabanguaji

Shule iliyo Mtanda, mjini Lindi, haina haja ya kutafuta mfano mbali. Korosho ndilo zao la biashara linalojulikana kwa kila mtoto wa pwani hiyo, na kazi ya kiwandani nayo yaweza kugawanywa katika hatua nane: kuanika, kuchambua, kuchemsha kwa mvuke, kupoza, kubangua, kukausha, kumenya ngozi nyembamba, na kupanga madaraja. Tena mfano huu una ubora ambao mifano mingine haina. Korosho isiyobanguliwa si korosho iliyochelewa tu: ganda lake lina mafuta makali yanayochubua ngozi. Vivyo hivyo, vitu vya kati katika utengenezaji wa hemu vikirundikana, havikai kimya, hudhuru. Kwa sababu hiyohiyo mwalimu asitumie korosho zenye maganda katika somo hili, bali visoda.

Zana: visoda 24, kapu moja, na wanafunzi 8 walioketi katika safu. Wanafunzi wengine huhesabu na kuandika.

Kanuni: mwalimu anapiga makofi 24 polepole. Kila kofi likilia, kila aliyeketi hupitisha kisoda kimoja tu kwa jirani yake, na ni lazima kiwe kisoda alichokuwa nacho kabla ya kofi hilo. Visoda vyote huanzia kwa wa kwanza. Wa nane huvitia kapuni.

Zamu ya kwanza. Wote hufanya kazi kwa kila kofi. Mwishoni kapuni mtakuwa na visoda 17, na hapatakuwa na rundo popote.

Zamu ya pili. Mwanafunzi wa tatu aambiwe apitishe kisoda kwa makofi ya namba shufwa tu, yaani la pili, la nne, la sita na kuendelea. Hiki ndicho kimeng'enya kilichopungua nusu. Mwishoni kapuni mtakuwa na visoda 8, na mbele ya mwanafunzi wa tatu patakuwa na rundo la visoda 12.

Zamu ya tatu. Mwanafunzi wa tatu aendelee na mwendo wake wa nusu, lakini safari hii wa kwanza naye apitishe kwa makofi ya namba shufwa tu. Mwishoni kapuni mtakuwa tena na visoda 8, wala hapatakuwa na rundo: mwanafunzi wa tatu hatakuwa na zaidi ya kisoda kimoja mkononi wakati wowote.

Hapa mwalimu anyamaze kidogo, awaache wanafunzi walinganishe zamu ya pili na ya tatu. Mgonjwa ni yuleyule, na kapu lina visoda vilevile. Tofauti ni rundo. Kumharakisha wa kwanza hakukuongeza hata kisoda kimoja kapuni. Kuliongeza rundo tu. Mwanafunzi aliyeona hili kwa macho yake ameshika kiini cha pofiria.

Kutoka visoda hadi maradhi

Baada ya mchezo, mwalimu aandike hatua nane ubaoni na kuweka alama ya mkato mahali mbalimbali. Mahali pa mkato ndipo panapoamua dalili.

Mkato ukiwa katika hatua ya tatu, vinavyorundikana ni ALA na PBG. Vitu hivi bado si pete, hivyo haviwashi ngozi. Madhara huonekana katika neva. Ugonjwa huu huitwa pofiria kali ya vipindi. Mgonjwa hupatwa na maumivu makali ya tumbo, kutapika, kufunga choo, mapigo ya moyo ya haraka, pengine kuchanganyikiwa, degedege na kupooza. Daktari akilipapasa tumbo, huenda asipate kasoro inayolingana na maumivu hayo. Mkojo huweza kutoka ukiwa na rangi ya kawaida, kisha ukiachwa kwenye mwanga ukageuka mwekundu uliokoza.

Mkato ukiwa baada ya pete kufungwa, yaani kuanzia hatua ya nne, vinavyorundikana ni pofirini au vitangulizi vyake, ambavyo hugeuka kuwa pofirini. Jina lenyewe limetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya rangi ya zambarau. Pofirini hunyonya mwanga, na nguvu ya mwanga huo huiumiza ngozi iliyoko juani. Katika upungufu wa hatua ya nne, unaorithiwa kwa jeni fiche kutoka kwa wazazi wote wawili, mtoto hutoka malengelenge na makovu tangu utotoni, na hata meno yake huweza kuwa na rangi nyekundu au ya kahawia. Katika upungufu wa hatua ya nane, mtoto huhisi kama anaunguzwa akikaa juani kwa dakika chache, ilhali ngozi pengine haionyeshi lengelenge lolote. Mkojo wa mtoto huyu hauwi mwekundu, kwa kuwa protopofirini haiyeyuki katika maji. Hutolewa kwa njia ya nyongo. Ni rahisi mtoto wa namna hii kuitwa mvivu anayekwepa kazi ya bustani.

Upungufu wa hatua ya sita na ya saba huweza kuleta dalili za aina zote mbili, za neva na za ngozi. Ule wa hatua ya tano huleta malengelenge ya mikono na uso. Lakini wagonjwa wake wengi hawakuurithi. Huwapata watu wazima wenye chuma kingi katika ini, walevi, au wenye homa ya ini aina ya C. Kusini mwa Afrika umehusishwa na pombe iliyopikwa katika vyungu vya chuma.

Nani anayeisukuma hatua ya kwanza?

Katika ini, hemu iliyokamilika ndiyo msimamizi wa safu nzima. Ikiwapo ya kutosha, huizuia hatua ya kwanza. Ikipungua, kizuizi huondoka, na hatua ya kwanza huenda mbio. Hii ndiyo zamu ya pili ya mchezo wetu.

Ni nini basi kinachoweza kuiharakisha hatua hiyo? Kwanza ni baadhi ya dawa. Ini hutumia hemu kutengeneza vimeng'enya vya kuvunja dawa. Dawa za jamii ya babiturati, mathalani fenobabitoni inayotumika kutibu kifafa, huliamsha ini kutaka hemu zaidi. Hatari iliyopo ni dhahiri: mgonjwa wa pofiria aliyeshikwa na degedege akapewa dawa hiyo huzidishiwa ugonjwa uleule ulioileta degedege. Pili ni njaa na kufunga kula. Tatu ni mabadiliko ya homoni, na ndiyo maana vipindi hivi huwapata zaidi wanawake wa umri wa kuzaa, na ni nadra kabla ya kubalehe.

Matibabu nayo hufuata mantiki hiyohiyo. Mgonjwa hupewa glukosi, na katika hali kali hudungwa hemu yenyewe kwenye mshipa, ili msimamizi atosheke na kuituliza hatua ya kwanza. Mwaka 2019 ilikubaliwa nchini Marekani dawa iitwayo givosirani, ambayo hupunguza utengenezaji wa kimeng'enya cha kwanza katika ini. Mwanafunzi aliyecheza zamu ya tatu atalielewa jambo hili mara moja: kimeng'enya cha tatu hakikuponywa, bali wa kwanza amepunguziwa mwendo.

Hapa pia ndipo pa kufundisha jambo lenye uzito kuhusu urithi. Pofiria kali ya vipindi hurithiwa kwa jeni tawala: kosa kutoka kwa mzazi mmoja latosha. Hata hivyo, wengi mno kati ya walioirithi jeni hiyo, takriban tisa katika kila kumi au zaidi, hawaugui maishani mwao. Nusu ya kimeng'enya huwatosha maadamu hatua ya kwanza haikuharakishwa. Kurithi jeni si kuandikiwa ugonjwa.

Mifano ya kutoka Afrika

Mfano mashuhuri wa kurithiwa ni ule wa Afrika Kusini. Huko pofiria ya hatua ya saba imeenea miongoni mwa wazawa wa walowezi kuliko karibu mahali pengine popote duniani. Daktari Geoffrey Dean, aliyefanya kazi Port Elizabeth katika miaka ya 1950, alifuatilia nasaba za wagonjwa wake hadi akawafikia mume na mke waliooana Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1688. Kwa karne nyingi watu wa ukoo huo waliishi na ngozi dhaifu bila madhara makubwa. Hatari ilikuja pamoja na dawa mpya za babiturati: baadhi yao walipooza na kufa baada ya kupewa dawa za usingizi au za kulala. Jeni ilikuwa ya kale. Kilichokuwa kipya ni msukumo wa hatua ya kwanza.

Kwa pwani yetu ya Afrika Mashariki, mfano ulio karibu ni wa vimeng'enya hivyohivyo vinapozuiwa na sumu. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilisambaza madini ya risasi katika makazi ya watu, nao wakazi, watoto wakiwamo, walidhurika. Bi Phyllis Omido, aliyeongoza madai ya wakazi hao, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Risasi huzuia kimeng'enya cha pili na cha nane. ALA hurundikana, mtoto huumwa tumbo. Na katika hatua ya nane, zinki hukaa katika pete mahali pa chuma, kiasi kwamba wapimaji huweza kuitumia pete hiyo yenye zinki kama dalili ya sumu ya risasi. Mtu hakurithi chochote, ila safu yake imekatwa palepale. Hili ni somo kwa kila mtaa ambamo betri za magari huvunjwa uani.

Mfano wa tatu hauko katika safu ya hemu, lakini ndio upungufu wa kimeng'enya ulio wa kawaida zaidi kwetu, nao ni upungufu wa G6PD. Kimeng'enya hiki huilinda chembe nyekundu ya damu isiharibiwe na baadhi ya dawa na kemikali. Jeni yake iko katika kromosomu X, hivyo wavulana huathirika zaidi. Umeenea katika nchi zenye malaria, na mwaka 1961 Allison na Clyde walichapisha uchunguzi wao kuhusu watoto wa Tanganyika wenye upungufu huu na malaria. Wengi wenye nao huishi bila dalili hadi wapewe dawa kama primakwini au dapsoni, ndipo chembe zao zinapopasuka na mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi. Dawa moja ya malaria iliyokuwa na dapsoni iliondolewa katika matumizi mwaka 2008 kwa sababu hiyo. Swali letu la tatu lajirudia hapa kwa sura nyingine: jeni ilikuwapo, ni nini kilichoisukuma?

Tahadhari za mwalimu

Kwanza, somo hili litawafanya wanafunzi watazame mikojo yao. Katika pwani ya Lindi, mkojo mwekundu wa mtoto kwa kawaida huleta wazo la kichocho, na ni haki kuwa hivyo, kwa kuwa kichocho ni cha kawaida na kina dawa. Mwalimu asibuni utambuzi wa ugonjwa. Kazi yake ni kumpeleka mtoto zahanati, na iwapo dalili zinarudi baada ya matibabu, kuwahimiza wazazi waendelee hadi hospitali ya mkoa wakiwa na maelezo kamili: rangi ya mkojo, dawa alizotumia mtoto, na kama yupo jamaa mwenye hali hiyo.

Pili, mwalimu asiwaulize wanafunzi mbele ya darasa ni nani katika ukoo wake ana ugonjwa gani. Mwenye jambo aje faraghani.

Tatu, habari ya kufunga isemwe kwa adabu. Katika jamii ya Kiislamu mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, na mwenye pofiria kali anayo sababu ya wazi ya kuitumia ruhusa hiyo kwa ushauri wa daktari wake.

Nne, mwanafunzi anayelia juani asiadhibiwe kabla ya kusikilizwa.

Maswali ya mazoezi

1. Hemu moja hutumia molekuli ngapi za glisini? Onyesha hesabu yako.
2. Mgonjwa ana maumivu ya tumbo lakini ngozi yake haidhuriwi na jua. Je, mkato uko kabla au baada ya pete kufungwa? Toa sababu.
3. Rudieni mchezo wa visoda kwa kumpunguza mwendo mwanafunzi wa saba badala ya wa tatu. Rundo litakuwa wapi, na lina visoda vingapi?
4. Ndugu wawili wamerithi jeni ileile ya pofiria kali ya vipindi. Mmoja anaugua, mwingine haugui. Eleza kwa kutumia zamu ya pili na ya tatu.

Hitimisho

Swali la nne ndilo kipimo cha somo zima. Mwanafunzi anayeweza kulijibu ameacha kuuona ugonjwa wa kurithi kuwa laana iliyoukalia ukoo. Anauona kuwa kazi iliyopungua mahali fulani, yenye rundo linaloweza kupimwa na msukumo unaoweza kuepukwa. Majina ya vimeng'enya vinane akiyasahau, hapana hasara kubwa. Maswali matatu yakibaki naye, yatamfaa hospitalini kwa daktari, shambani penye dawa za wadudu, na nyumbani siku atakapoambiwa kwamba mtoto wake amerogwa.